Mguu wa Klachi, Kutoka Nyamiaga Hadi Biharamulo

Nyamiaga: ndala na ukungu

Asubuhi ile niliondoka nyumbani nimevaa ndala. Nalitaja hilo mapema kwa sababu wengi wenu mmeniuliza kama safari ile ilipangwa, na mtu aliyepanga safari havai ndala. Nilikuwa nimetoka tu kumwasha Kobe, pikapu yangu mnayoijua, ili apate joto. Ukungu wa Nyamiaga haucheki na injini ya kizee. Usipoiungurumisha alfajiri, itakununia mpaka jua litoke.

Lakini hata mimi nilikuwa nimelala vibaya. Usiku uliotangulia, kwenye kundi letu la simu, Mzee Soste alikuwa ameandika maneno manne: "Gari linauzwa. Mhitaji aje." Mliyaona. Mlikaa kimya kama nilivyokaa mimi.

Kwa wale watakaosoma haya bila kutujua: sisi ni watu wa magari makuukuu. Kundi lilianza kwa ajili ya kutafutiana vipuri. Miaka imekwenda, na sasa ukilifungua asubuhi unakuta mmoja analalamikia rejeta, wa pili presha, wa tatu anauliza bomba la mafuta, wa nne anauliza kama kisukari kinazuia kula embe. Sisi na magari yetu tunaharibika kwa zamu. Mzee Soste ndiye mkubwa wetu. Ndiye aliyenifundisha kuisikiliza injini nilipoikimbia shule darasa la sita, na gari lake hakuna fundi mwingine aliyewahi kuligusa.

Masika ya mwaka jana kiharusi kilimpiga. Mdomo ulirudi, mkono ulirudi, ila mguu wa kushoto ukabaki nyuma. Na mguu wa kushoto, kwa dereva, ndio mguu wa klachi. Mama wa mazoezi kule hospitalini alimpa kazi ya kusukuma kiroba cha mchanga kwa unyayo, mara thelathini asubuhi na thelathini jioni. Akamwambia pia asishike barabara mpaka yeye mwenyewe atakapompima. Soste alisukuma miezi miwili, akaacha. Hakurudi kupimwa. Gari likafunikwa turubai, kuku wakalala juu yake.

Basi nikamtoa Kobe, nikapita kwake. Nilimkuta kibarazani amevaa koti, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Fideli. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kukusalimia."

Mke wake, Mama Jeni, alitokeza kichwa dirishani. "Fideli, mwondoe huyo hapa. Juzi kahesabu kuku wangu mara tatu. Kila mara anapata jibu tofauti, halafu ananiuliza mimi nimewapeleka wapi."

"Twende, mzee," nikasema.

"Wapi?"

Nikaelekeza kidole barabarani. "Mbele."

Alinitazama, akamtazama Kobe anavyotetemeka, akasema, "Silensa yako inakohoa." Kisha akanyanyuka. Mama Jeni alikuja mbio na kopo la siagi lenye dawa, akalibana kifuani kwangu. "Asubuhi na jioni. Na asile chumvi. Mkirudi leo, sawa. Mkirudi kesho, sawa pia. Lakini dawa ikirudi na hesabu yake ileile, usipite hapa."

Benaco: maharage yasiyofulika

Kushuka kutoka Ngara mpaka barabara kuu, Soste hakuzungumza. Alikuwa akinisikiliza nikibadilisha gia. Mnajua inavyouma kubadilisha gia huku aliyekufundisha yupo kando, kimya. Kila nilipokanyaga klachi niliona mguu wake wa kushoto unajaribu kukanyaga sakafu pamoja nami, kama mtu anayeimba wimbo wa jirani kwa midomo tu.

Benaco tukaingia mgahawani. Malori yalikuwa yamejipanga nje yakielekea Rusumo, na madereva walikuwa wamejaza meza. Nikaagiza chai na ndizi kwa maharage. Soste akamwita mama mwenye mgahawa.

"Mama, mimi nakuomba maharage yasiyo na chumvi."

Mama alisimama, mkono kiunoni. "Yangu yana chumvi nyingi?"

"Sijasema hivyo."

"Watu wanakuja kutoka Dar kula maharage haya."

"Mama, ni daktari."

"Daktari amekula hapa lini?"

Meza nzima ikacheka. Nikaeleza habari ya kiharusi. Mama akalainika, lakini tatizo likabaki palepale. "Sasa baba, maharage yameiva tangu alfajiri, chumvi imeshaingia ndani. Nitaitoaje? Niyafue?"

Dereva mmoja wa lori, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, aliingiza kidole mfukoni mwa shati akatoa pakiti ya vidonge. "Mzee, hivi ndivyo unavyomeza?" Soste akafungua kopo lake. Vilikuwa vilevile. Hapo ndipo nilipoona kwamba kundi letu si la simu tu. Ndani ya dakika chache meza ile ilikuwa imetoa vidonge vya presha vya watu watatu, mafuta ya kuchua ya mmoja, na mkanda wa kiuno ambao mwenyewe alipandisha shati ili tuuone. Walizungumzia magoti kwa sauti ileile wanayozungumzia breki. Mnene akatuambia kwamba yeye, kila anaposimama kujaza mafuta, analizunguka lori lake mara tatu. "Halafu watu wanadhani nakagua matairi."

Akamgeukia Soste. "Na wewe ni dereva, mzee?"

"Nilikuwa," akasema Soste, akaanza kuizungusha sahani tupu mezani.

Mama alirudi na bakuli dogo la plastiki lenye picha ya sungura. "Hizi ndizi ni za mjukuu wangu. Hazijatiwa chumvi. Kula, atapikiwa nyingine." Soste alizila zote. Mjukuu, kutoka mgongoni mwa bibi yake, aliangalia kila tonge lilivyokwenda.

Baada ya Nyakahura: matawi

Kwa nini hatukurudi nyumbani kutoka Benaco sijui. Kobe alielekeza pua mashariki, sikumkatalia. Tulipita Nyakahura vizuri. Mbele kidogo, Soste akainua kidole.

"Zima."

"Kuna nini?"

"Zima, nimekwambia."

Mshale wa joto ulikuwa bado katikati. Nikabishana naye kwa umbali wa nguzo tatu za umeme. Kisha mvuke ukatoka chini ya boneti kama chungu kilichoinuliwa mfuniko. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka, na maji yote yalikuwa yanatiririka barabarani.

"Matawi kwanza," akasema Soste. "Malori yanakuja na hapa ni kona."

Mnaijua desturi hiyo. Gari likiharibika unakata matawi mabichi unayatandaza barabarani, nyuma na mbele, ili anayekuja ajue. Huanzi na spana, unaanza na matawi. Nikachukua panga, nikaruka mtaro.

"Yale pale yenye majani marefu," Soste akaniagiza kutoka kitini. "Yataonekana vizuri."

Kweli yalikuwa mazuri: mabua yaliyonyooka, majani membamba marefu kama panga lenyewe, kijani kibichi katikati ya nyasi zilizokauka. Nikakata matano. Nikayatandaza barabarani kwa ustadi, nikajisifu moyoni. Nilikuwa nimeshafungua boneti sauti iliposikika nyuma yangu.

"Nani amekata mpaka wangu?"

Alikuwa mama mtu mzima sana, mfupi, jembe begani. Baadaye tulijua anaitwa Bibi Generoza. Alikuwa akiitazama barabara, si sisi.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Sijaitika. Nani amekata mpaka wangu akautupa balabalani?"

Nikaangalia nyuma. Ndipo nikaona kile ambacho kila mtu mwenye shamba angekiona kwanza: vile visiki vitano vilikuwa vimepangwa kwenye mstari, kutoka mtaroni mpaka kwenye migomba. Upande huu mihogo yake, upande ule mihogo ya mtu mwingine. Ndugu zangu, mimi sijawahi kumiliki shamba hata la kupandia kitunguu. Pembeni mwa barabara mimi huona majani. Na Soste, ambaye ana shamba lake, alikuwa anatazama kona.

"Bibi, tusamehe. Tutapanda sasa hivi."

"Utapanda wewe na nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Ukipanda wewe, na mimi nimesimama hapa, Anatoli atarudi aseme Generoza ameleta watu wa gali kusogeza mpaka." Akatua jembe. "Miaka sita tumegombana. Mwaka jana ndiyo tumepatana, tukaipanda hii mbele ya watu. Haipandwi bila yeye."

"Yuko wapi huyo Anatoli?"

"Amekwenda kusaga. Akirudi, atarudi."

Basi tukamngoja Anatoli. Nimesafiri sana nchi hii, nimewahi kungoja kivuko na kungoja mto upungue. Sijawahi kungoja mtu arudi kutoka mashineni ili nipate ruhusa ya kupanda majani matano. Bibi alituruhusu matawi yabaki barabarani mpaka gari lipone. "Mtu asife kwa sababu ya mpaka," akasema. Hata hivyo alikaa juu ya kifusi akiyahesabu kila lori lilipoyakanyaga.

Nilitumia muda huo kuufunga mpira wa rejeta kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, nikiviringisha na kukaza kama bandeji. Soste alinielekeza kutoka kitini: kaza, legeza, anza upya. Nilipoinama kuchota maji mtaroni, kiuno changu, kile mnachokijua, kikasema kwa heri. Nilibaki nimeinama kama kiulizo. Bibi Generoza ndiye aliyeninyoosha, kwa kunishika mabega na kunisukuma kwa goti mgongoni. Nililia kwa sauti. Yeye akasema, "Nyamaza, wewe si wa kwanza."

Alituletea ugali wa muhogo na mboga ya majani, na Soste alipoanza kueleza habari ya chumvi akamkatiza. "Chumvi imeniishia tangu Jumapili. Kula."

Anatoli alitokea jua likiwa limeshapinda, baiskeli imebeba gunia la unga, nywele na kope nyeupe pia kwa unga. Alikuwa mrefu, mpole wa kusema, mkali wa kupima. Alipima kwa hatua zake kutoka mgomba mpaka mtaro, Bibi akapima kwa hatua zake fupi, hesabu zikakataa, wakaanza tena. Kisha Anatoli akatutazama.

"Aliyekata ndiye anayekanyaga," akasema. "Desturi yetu ndiyo hiyo. Shina likipandwa upya, aliyeliharibu alishindilie udongo kwa mguu wake mwenyewe, sote tukiona. Kesho asije mtu kusema lilipandwa kwa hila."

Nikajaribu kusogea. Kiuno kilikataa.

"Huyu amekwisha," Bibi akamwambia.

"Mimi ndiye niliyemwagiza," akasema Soste kutoka garini. Sote tukageuka. "Mkono ulikuwa wake, neno lilikuwa langu. Nitakanyaga mimi."

Alishuka na fimbo. Anatoli aliyachimbia mabua yale yale, maana mmea ule ukikatwa, kipande chenyewe ukikirudisha ardhini kinaota. Soste akainua mguu wa kulia. Fimbo ikateleza, akayumba, nikapiga kelele. Kusimamia mguu wa kushoto hakuweza.

"Badilisha," akasema Bibi. "Simama kwa ule mzima, kanyaga kwa huo mwingine."

"Huo hauna nguvu, bibi."

"Sasa tutajuaje, na umeubeba tu kama mzigo wa mtu? Kanyaga!"

Akakanyaga. Udongo haukushtuka. "Hiyo umeusalimia," Bibi akasema. "Kanyaga!" Akakanyaga tena, akakanyaga tena. Jasho lilimtoka. Shina la kwanza lilichukua muda mrefu, na Bibi akalitikisa likacheza, akasema, "Rudia." Anatoli hakucheka, wala hakuona haya kwa niaba yake. Alisubiri kama anavyosubiriwa mtu yeyote anayefanya kazi. La pili. La tatu. Kwenye la nne niliona kitu nilichokuwa nakitafuta tangu asubuhi: unyayo ulishuka wote, kisigino kikabaki chini, vidole vikasukuma, vikashikilia, vikaachia polepole.

Nyinyi mnajua huo ni mwendo gani. Soste naye aliujua, kwa sababu alisimama, akautazama mguu wake, kisha akanitazama mimi. La tano alilikanyaga kwa namna hiyo hiyo, na Bibi alipolitikisa halikucheza.

"Haya," akasema Bibi Generoza. "Sasa nimeitika. Marahaba."

Lusahunga hadi Biharamulo: mwendo wa kuku

Niliendesha nikiwa nimenyooka kama nguzo. Kila shimo lilikuwa msumari. Lusahunga tulisimama kuongeza maji. Mfungo wa tyubu ulikuwa unatoa tone moja moja tu. Pale nilikuwa na haki ya kugeuka kurudi Ngara. Lakini jua lilikuwa linashuka na kiuno changu kilitaka kitanda cha karibu, na cha karibu kilikuwa Biharamulo, mahali ambapo, kwa mizunguko yangu yote, nilikuwa nimepita tu bila kulala.

Njiani Soste alianza kuzungumza, na hakunyamaza. Alinieleza kwa nini aliacha kusukuma kiroba cha mchanga.

"Mchanga hausemi kitu, Fideli. Unasukuma leo, unasukuma kesho, uko vilevile. Huyu bibi alikuwa anatikisa shina. Ananiambia limecheza, halijacheza."

"Kwa hiyo utarudi kwa mama wa mazoezi?"

"Akanipime. Akisema hapana, aniambie hapana ya nini." Akafikiri kidogo. "Na wewe, unabadilisha gia kama unafungua mlango wa choo cha watu."

Nikajua amerudi.

Biharamulo: kitabu cha wageni

Tuliingia mjini kabla jua halijazama, na nyumba ya wageni ya kwanza iliyokuwa na ua ndiyo tuliyoichukua. Mhudumu wake alikuwa dada mmoja mwembamba aitwaye Restituta, kanga kiunoni, sauti ya kuita ng'ombe. Alimwamkia Soste, akapokea itikio, kisha akaanza amri.

"Gari linaingia kinyumenyume. Ukiingiza pua, asubuhi hutatoka. Na pale kuna pipa langu la maji, na kule nimeanika mashuka. Mkiyagusa mtayafua."

Nikajaribu kugeuza shingo nitazame nyuma. Mgongo ukanikatalia katakata. Nikajaribu kioo cha pembeni, na nyote mnajua kioo cha Kobe huonyesha mbingu.

"Shuka," akasema Soste.

"Mzee, mama wa mazoezi alisema..."

"Alisema barabara. Huu ni ua. Shuka."

Nikashuka, kwa vipande. Akazunguka na fimbo yake mpaka mlango wa dereva, akanipa fimbo niishike. Akapanda. Kwa muda hakuwasha. Niliona goti lake la kushoto linapanda na kushuka: alikuwa anakanyaga klachi gari likiwa limezimwa, kama alivyokanyaga udongo. Kisha akawasha, Kobe akaruka kama mbuzi, akazimika.

"Mzee, hujui kuendesha?" Restituta akapaza sauti. Hakujua lolote kuhusu mguu ule, na sikumwambia.

"Mimi? Nimeanza kuendesha kabla hujazaliwa!"

"Basi endesha! Mashuka yangu yananuka moshi."

Akawasha tena. Safari hii Kobe alirudi nyuma taratibu, akasimama, akarudi tena. Restituta alikuwa anatembea kinyumenyume akipunga mikono yote miwili. "Njoo, njoo, njoo. Kata kulia. Kulia kwako, si kwangu! Njoo. Unaogopa nini, pipa halina meno. Njoo... hapo!" Gari likasimama upana wa kiganja kutoka kwenye pipa. Shuka hata moja halikuguswa. Restituta alitazama pengo lile, akatikisa kichwa. "Kumbe unajua, ulikuwa unaringa tu."

Soste alikaa mle ndani, mikono kwenye usukani, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuzima gari.

Ndani Restituta akatufungulia kile kitabu kikubwa cha wageni chenye mistari: jina, kazi, utokako, uendako. Mimi kwenye kazi huandika "biashara", maana mistari ni mifupi na maisha yangu ni marefu. Kwenye uendako niliacha wazi, Restituta akakirudisha kitabu. "Huku hakuachwi wazi. Mtu lazima awe anakwenda mahali." Nikaandika Ngara.

Soste alichukua kalamu. Mwaka mzima, popote alipoulizwa, mimi nimemsikia akijibu "mgonjwa", na asubuhi ile mmesikia alivyomjibu yule mnene wa Benaco. Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja. Kwenye kazi alisita, akaomba miwani yangu, akaandika, akanirudishia miwani. Aliandika "dereva". Herufi zilikuwa zimepinda, lakini zilisomeka.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili na dirisha la kuangalia uani. Nilimpa dawa yake, nikajilaza sakafuni kwa ajili ya mgongo. Tangazo lile la kuuza gari mliona wenyewe lilivyotoweka jioni hiyo, mimi sikuligusa. Mimi nilikuwa chini natazama miguu ya kitanda chake. Alikuwa amekaa ukingoni, unyayo wa kushoto umeegemezwa kwenye ubao wa kitanda changu, anausukuma. Ubao ulilia mara thelathini. Akapumzika kidogo, akavuta pumzi, akaanza tena moja.